"Sisi" ya Kibandani: Mazungumzo ya Watazamaji wa Mpira Ziba na Urithi wa Utani



Mwangaluka. Nimeanza na salamu ya nyumbani kwetu kwa sababu data ya mhadhara huu imetoka huko, na kwa sababu hoja yangu ya leo inahusu namna watu wenye lugha zao za nyumbani wanavyokitumia Kiswahili kujenga umoja wa muda, kuuvunja, na kuujenga tena.

1.0 Utangulizi

Jioni ya tarehe 7 Novemba 2024 nilikuwa Ziba, wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora. Nilikuwa nimekaa juu ya benchi la ubao ndani ya banda la kuoneshea mpira, aina ya banda ambalo vijana huliita kibanda umiza, jina linalojieleza kwa yeyote aliyewahi kukaa humo dakika tisini. Mchezo uliokuwa ukioneshwa ulichezwa Chamazi, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 700 kutoka pale tulipokaa. Yanga, waliokuwa mabingwa watetezi wa Ligi Kuu, walikuwa wakicheza na Tabora United.

Jirani yangu alikuwa mzee aliyevaa fulana ya kijani na njano. Bao la kwanza la Tabora lilipoingia alisikitika, akasema: "Tunacheza kama tumelala." Kiambishi *tu-* katika kauli hiyo kilikuwa na maana moja tu: sisi Yanga. Baadaye mambo yalizidi kuharibika. Mchezo ulipomalizika Tabora United walikuwa wameshinda kwa mabao matatu kwa moja. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akacheka, akapiga goti lake kwa kiganja na kusema kwa sauti: "Tumewapiga!" Kijana mmoja, mshabiki wa Simba, aligeuka akamwuliza: "Babu, leo ninyi ni akina nani?" Mzee akajibu bila kusita: "Mimi ni mwenyeji wa hapa."

Banda zima lilicheka, nami nilicheka. Hata hivyo, nilipofika nilikofikia niliandika kauli hizo daftarini, kwa kuwa niliona kwamba kijana yule alikuwa ameuliza swali la kiisimu. Mzungumzaji mmoja, katika tukio moja lisilozidi saa mbili, ametumia kiambishi kile kile cha nafsi ya kwanza wingi kwa makundi mawili yanayopingana. Ni nini kinachomruhusu? Na wenziwe wanaomsikiliza wanampimaje?

Mhadhara huu unadai kwamba mazungumzo ya watazamaji wa mpira, ambayo wengi wetu tumeyahesabu kuwa ni kelele, yana sarufi yake, msamiati wake na sheria zake za adabu. Ninadai pia kwamba sheria hizo za adabu hazikuzaliwa na mpira. Ni za utani, na utani huo umepita katika barabara ile ile iliyokileta Kiswahili Tabora. Jambo la mwisho nitakalolieleza ni kwamba urithi huo sasa umo katika majaribu. Mifano yote nitakayoitoa niliisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Majina ya waliosema nimeyaacha.

2.0 Sarufi ya dakika tisini

Tuanze na muda, maana muda ndio unaoipa lugha hii umbo lake. Katika besiboli, mchezo unaopendwa sana Marekani, kila mrusho hutanguliwa na kituo kifupi. Mtazamaji hupata nafasi ya kukisia, kumweleza jirani yake, na hata kubishana naye kabla mpira haujarushwa. Mpira wa miguu haumpi mtazamaji nafasi hiyo. Ulimi unalazimika kukimbia pamoja na mpira. Kwa sababu hiyo, kila tendo la uwanjani huzungumzwa mara tatu, na kila mara kwa umbo tofauti la kitenzi.

Kwanza ni kabla ya tendo. Hapa kinachotawala ni amri: "Piga!", "Toa!", "Mpe!", "Rudi!", "Kaba!" Amri hizi huelekezwa kwa mchezaji asiyesikia na asiyejua kwamba Ziba ipo. Lakini angalieni jambo moja. Mchezaji huamrishwa moja kwa moja kwa nafsi ya pili, ilhali kocha huzungumziwa kwa nafsi ya tatu na kwa dhamira tegemezi: "Amtoe huyo", "Aingize winga". Sikupata kusikia mtu akimwambia kocha "Mtoe!" kama anavyomwambia mchezaji "Toa!" Mchezaji yumo kwenye kioo mbele ya macho ya msemaji, na kwa lugha ya banda yupo hapa; kocha huonekana kwa nadra, kwa hiyo husemwa kama mtu asiyekuwapo. Nafsi za kisarufi zinafuata kamera.

Pili ni wakati wa tendo lenyewe kukamilika. Vitabu vyetu vya sarufi vitatufundisha kwamba kauli stahiki ni "amefunga" au "amekosa". Kibandani husikii hivyo ila kwa nadra. Unasikia "Kafunga!", "Kakosa!", "Kaotea!" Umbo hili la *ka-* ni mkato wa nafsi ya tatu umoja pamoja na hali timilifu, na wanafunzi wengi hulichanganya na *-ka-* ya masimulizi. Ni vitu viwili tofauti. *-Ka-* ya masimulizi hukaa baada ya kiambishi cha nafsi: "akapiga", "wakapiga". *Ka-* ya kibandani huchukua nafasi ya nafsi na hali kwa pamoja, nayo ni ya mtu mmoja tu. Watu wakiwa wawili au zaidi, mzungumzaji hurudi kwenye "wamefunga". Kwa hiyo "Kafunga!" si uzembe wa ulimi. Ni umbo lenye kanuni na mipaka, linaloifikisha habari kwa silabi tatu pale ambapo muda hautoshi silabi nne.

Tatu ni baada ya tendo, na hapa ndipo ninapowaomba walimu wa Kiswahili wanisikilize kwa makini. Mpira ukishakosa goli, banda zima huhamia katika masharti: "Angetoa pasi, lingekuwa goli." "Asingechelewa, angemkuta kipa ametoka." Tunafundisha darasani kwamba *-nge-* ni ya jambo ambalo bado lawezekana, na *-ngali-* ni ya jambo lililokwisha kupita bila kutimia. Kisha tunasahihisha mitihani na kusikitika. Kibandani *-ngali-* nimeisikia kwa wazee wachache tu, na *-nge-* inabeba kazi zote mbili. Wakati unaelezwa na tukio lenyewe, kwani kila mmoja ameshaona kwamba mpira umekwenda nje. Lakini upatanisho wa vishazi viwili, yaani sharti na matokeo yake, unazingatiwa bila kukosea. Kijana yule yule ambaye karatasi ya mtihani inamshinda huunda sentensi za masharti nyingi kwa jioni moja, na kila moja ina upatanisho sahihi wa ngeli: *lingekuwa goli, ingekuwa kona, ungeingia mpira.*

Sisemi kwamba tuache kufundisha *-ngali-*. Nasema kwamba mwalimu wa Ziba anayetafuta mifano ya masharti anayo hazina mita chache kutoka darasani kwake, na mifano hiyo wanafunzi wake wanaijua kwa moyo.

3.0 Msamiati: nani huteua neno?

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na tangu hapo uundaji wa istilahi umekuwa kazi inayoheshimika. Lakini katika mpira, kabla ya kamati yoyote kukaa, neno hupitia mtihani mgumu zaidi: je, linaweza kupigiwa kelele?

Chukueni mchezaji anayelinda goli. Tunayo *mlinda mlango*, *golikipa* na *kipa*. Mtangazaji mwenye muda husema "mlinda mlango". Mwandishi wa gazeti hubadilishabadilisha ili asichoshe. Mtazamaji husema "kipa", na mara nyingi hana nafasi ya kusema zaidi. Au chukueni *mwamuzi* na *refa*. Kwa nilivyosikia, maneno haya mawili hayana uzito mmoja. Mtu akitulia na kueleza kanuni, husema "mwamuzi". Akilalamika, ni "refa" tu, na Ziba mara nyingi utasikia "lefa". Visawe hivi, kwa hiyo, havigawani maana, vinagawana hisia.

Hapo kwenye "lefa" nisimame kidogo. Kisukuma na Kinyamwezi havitofautishi /l/ na /r/ kama Kiswahili kinavyotofautisha, na watoto wengi wa mkoa huu wamechekwa shuleni kwa jambo hilo. Timu ya zamani ya Tabora iliitwa Milambo, ilhali vitabu vya historia vinamwandika mtemi mwenye jina hilo, aliyefariki mwaka 1884, kuwa ni Mirambo. Wenyeji waliipa timu yao jina kama wanavyolitamka. Wageni waliandika walivyodhani wamesikia. Kibandani hakuna anayechekwa kwa kusema "lefa". Anachekwa kwa kutojua kwamba mchezaji ameotea. Umahiri unapimwa kwa ujuzi wa mchezo, na matamshi ya nyumbani yanaachwa yapite.

Na hilo neno *kuotea* linastahili heshima yake. *Kuotea* ni kuvizia, kama mwindaji anavyomvizia mnyama. Yeyote aliyelileta mpirani aliona kwamba mshambuliaji aliyesimama nyuma ya mabeki akingoja mpira hafanyi tofauti na mtu aliyejificha kichakani. *Ofsaidi* lipo na linatumika, lakini halijalifukuza. Vivyo hivyo mwamba wa juu wa goli ukawa *mtambaa wa panya*, jina la boriti ya nyumba. Wavu ukawa *nyavu* au *kimia*, vifaa vya wavuvi. Kumpitishia mtu mpira juu ya kichwa kukawa *kumpiga kanzu*. Kumpitishia katikati ya miguu kukawa *kumpiga tobo*. Na mchezaji wa kati akawa *kiungo*. Mwindaji, mjenzi, mvuvi na mshonaji wote wamechangia. Maneno haya yalisambazwa kwa kiasi kikubwa na watangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam, katika miaka ambayo sisi wa bara tuliuona mpira kwa masikio tu.

Nayakumbuka masikio hayo. Tulikaa chini ya mwembe, redio ikiwa juu ya kiti na watu wakiwa chini. Mtangazaji alipozungumza hakuna aliyezungumza, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa macho yetu. Mazungumzo yalianza alipovuta pumzi, na mengi yalikuwa maswali: "Nani kapiga?", "Imetoka?" Runinga iligeuza mambo. Tangu Azam TV ilipoanza mwaka 2013 na mechi nyingi za ligi zikaanza kuonekana vijijini, mtazamaji hahitaji kuambiwa kilichotokea. Amekiona. Kinachobaki kwake ni kuamua, kulaumu, kusifu na kutania. Lugha ya maswali ikawa lugha ya hukumu.

4.0 Utani na barabara

Hukumu zikiwa nyingi namna hiyo, katika chumba kidogo chenye watu wa pande mbili, mtu angetarajia ugomvi kila juma. Kwa kawaida hakuna ugomvi. Kwa nini?

Jibu limo katika jina ambalo sote tunalitumia bila kulifikiri. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936 na kubeba jina la Sunderland kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971, huitwa *watani wa jadi*. Lugha yetu ina maneno *wapinzani*, *mahasimu* na *maadui*, lakini jina lililozoeleka likawa *watani*, na uteuzi huo una historia.

Utani ni uhusiano wenye haki na wajibu. Mtani anaruhusiwa kukudhihaki, kukunyang'anya kitu chako, kukusema vibaya mbele za watu, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini mtani huyo huyo, ukifiwa, ndiye anayekuja kusimamia shughuli za maziko, kuwachekesha waliao, na kudai ujira wake. Wanyamwezi na Wasukuma wana utani na Wazaramo, na wana utani na makabila mengine yaliyo kati ya Tabora na pwani. Sababu zinazotajwa na wazee ni nyingi: vita vilivyokwisha, ujirani, na biashara. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa karne ya 19, ameonesha kwamba utani ulikuwa sehemu ya utamaduni wa misafara. Mantiki yake haina ugumu. Msafiri wa miguu kutoka Unyamwezi hadi pwani alitembea kwa miezi katika nchi za watu. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, mwezi Novemba. Mpagazi aliyeugua njiani alihitaji mtu wa kumpa maji, na aliyefariki alihitaji wa kumzika. Mtani alikuwa ndiye ndugu wa mahali usipokuwa na ndugu.

Kiswahili kilipita katika barabara hiyo hiyo, mabegani mwa watu hao hao. Kilikuwa lugha ya kambi, ya soko na ya mashauri ya njiani. Kwa hiyo nathubutu kusema kwamba huku kwetu bara, Kiswahili na utani ni wasafiri wenza. Mtu alijifunza maneno ya lugha, na pamoja nayo alijifunza namna ya kumcheka mgeni bila kumpoteza.

Sikilizeni sasa mazungumzo haya, niliyoyaandika Ziba siku iliyofuata baada ya Simba kufungwa. Kijana wa Yanga anaingia bandani na kumkuta mzee wa Simba.

"Shikamoo babu."
"Marahaba, mjukuu wangu."
"Babu, pole na msiba."
"Msiba wa nani?"
"Wa nyumbani kwenu. Nimekuja kuchimba kaburi, nataka na kuku wangu."
"Kaburi tulishachimba mwaka jana, mlizikwa ninyi. Kaa hapo, usinizibe kioo."

Tuchambue. Kwanza heshima ya umri inatolewa kamili: shikamoo haikurukwa. Pili, heshima ikishatolewa, utani unafungua mlango ambao umri ulikuwa umeufunga. Kijana hawezi kumwambia babu maneno hayo siku nyingine wala kwa jambo jingine. Tatu, msamiati wote ni wa maziko: msiba, kaburi, na kuku wa ujira. Kijana huyu hajawahi kusomea utani, na sidhani kama amewahi kumzika mtani wa kabila. Lakini anaizungumza kazi ya mtani kama alivyoifanya babu wa babu yake. Mashabiki wanaobeba majeneza ya kuigiza viwanjani, wenye rangi za timu pinzani, wanafanya jambo hilo hilo kwa vitendo. Nne, mzee amejibu. Utani usiojibiwa si utani. Kanuni yake ya msingi ni zamu: anayechekwa leo anahifadhiwa haki ya kucheka kesho.

5.0 Kiambishi *tu-* na kumbukumbu

Tunaweza sasa kumrudia mzee wa fulana ya kijani na njano. *Tu-* ya kibandani haina uhusiano na kilichofanywa na miili ya wasemaji. Hakuna kati yao aliyegusa mpira. Tena haina mipaka ya umri. Vijana wa Simba waliozaliwa baada ya mwaka 2000 husema "tuliwafunga sita", wakikusudia mchezo wa Julai 1977. Wenzao wa Yanga hujibu "tuliwapiga tano", wakikusudia mwaka 1968. Na wa Simba wanaojua historia hujitetea kwamba waliofungwa siku hiyo walikuwa Sunderland, si Simba. Wa Simba hutaja tano bila za Mei 2012. Wa Yanga huinua kiganja chenye vidole vitano, ishara ya tano kwa moja za tarehe 5 Novemba 2023, na hapo neno halihitajiki tena.

Huu ni umilisi wa historia simulizi. Tarehe, idadi na majina ya wafungaji yanahifadhiwa kwa kubishaniwa. *Tu-* inamwingiza msemaji katika ukoo: anazungumza kwa niaba ya waliotangulia, na anawajibika kwa aibu yao pia. Ndiyo maana hawezi kuihama timu yake akafungwa kwa siku moja tu kisha akaondoka na heshima. Atakayesema "walifungwa" badala ya "tulifungwa" siku ya msiba husutwa papo hapo: "Leo imekuwa *wali-*?" Nimelisikia suto hilo, na sijui mtihani wa nafsi za vitenzi ulio bora kuliko huo.

Mzee wetu, hata hivyo, hakusutwa. Alihama kutoka Yanga kwenda Tabora mbele ya mashahidi, na banda likamcheka kwa upendo. Nadhani ni kwa sababu jibu lake, "Mimi ni mwenyeji wa hapa", lilitaja uanachama wa zamani kuliko klabu zote mbili. Waliokuwa pale, wa Simba na wa Yanga, walikuwa na sehemu katika *tu-* hiyo. Kwa dakika chache "tumewapiga" ilikuwa kauli ya banda zima.

Mwaka 2025 timu ile ilibadili jina, ikaitwa TRA United. Sina hoja juu ya uendeshaji wa klabu. Huo si uwanja wangu. Mimi ni mtu wa lugha, na ninachoona ni kwamba jina la mahali limetoka katika jina la timu. Mzee yule akitaka tena kusema "tumewapiga", kiambishi chake kitahitaji maelezo.

6.0 Pale utani unapokatika

Nimesema kwamba urithi huu umo katika majaribu. Nitaeleza kwa tukio moja.

Jioni nyingine, katika banda lile lile, kipa alifanya kosa dakika za lala salama na goli likaingia. Kijana mmoja alisimama akamtukana kipa yule tusi la mama. Banda lilinyamaza. Mtu mzima aliyekaa mbele, mshabiki wa timu iliyofunga, ambaye kwa kawaida angekuwa wa kwanza kushangilia, aligeuka na kusema taratibu: "Mwanangu, mtani hatukanwi mama." Kijana akajibu: "Mimi sina mtani, mzee. Mimi nina mkeka." Akatoka.

*Mkeka*, kwa wasiojua, ni orodha ya mechi ambazo mtu amezibashiria kwa fedha. Timu moja ikiharibu, mkeka *umechanika*. Neno lenyewe ni zuri, na ni kazi ya lugha ile ile iliyotupa mtambaa wa panya. Lakini tazameni linavyoigeuza sarufi. Mwenye mkeka hana *sisi*. Timu zake jioni moja zaweza kuwa za nchi tano, na kesho ni nyingine. Husema "wameniua", "wamenichania", kwa nafsi ya kwanza umoja, nayo ikiwa mtendwa. Hana zamu ya kesho ya kucheka, kwa sababu hasara yake haina mwenzi wa kuirudishia. Na pasipo zamu, dhihaka inakosa pa kwenda, inageuka tusi.

Sisemi kwamba kila abashiriye hutukana, wala kwamba mashabiki wa zamani walikuwa malaika. Matusi yalikuwapo chini ya mwembe pia. Tofauti ninayoiona ni ya kimuundo: zamani tusi lilikuwa kosa ndani ya utani, na kulikuwa na mtu wa kusema "huo si utani sasa", naye akasikilizwa. Jibu la kijana yule lilikuwa kwamba yeye hayumo ndani ya uhusiano huo, kwa hiyo sheria zake hazimhusu. Hilo ndilo lililonishtua kuliko tusi lenyewe.

7.0 Hitimisho

Wanafunzi wangu, mmefundishwa kukusanya data kutoka vitabuni, magazetini na kwenye mahojiano. Ninawaomba mwende pia mahali ambapo watu wanazungumza bila kuhojiwa, mkalipe kiingilio kama wengine, mkae kwenye ubao. Mtakuta *ka-* ambayo kitabu hakikuieleza vya kutosha, masharti yasiyokosewa, na maneno yaliyoteuliwa na watu wasiojua kwamba wameteua. Yaandikeni kabla sauti hazijanyamaza. Tumeandika istilahi za mpira, na ni vyema. Mazungumzo yenyewe bado hatujayaandika.

Kwa wanataaluma wenzangu hoja yangu ni hii. Tunapenda kusema kwamba Kiswahili kimetuunganisha, na tunataja shule, redio na siasa. Yote ni kweli. Lakini lugha haiwaunganishi watu kwa kuwapa maneno yale yale tu. Inawaunganisha kwa kuwapa namna ya kushindana bila kuachana. Wapagazi waliijua namna hiyo, wakaiita utani, na ikawafikisha pwani na kuwarudisha. Banda la Ziba bado linaijua. Kama vijana wataendelea kuijua, itategemea kama watakuwa na *sisi* ya kuitumia.

Mzee wa fulana ya kijani na njano nilimwona tena asubuhi iliyofuata, njiani. Kijana wa Simba alikuwa upande wa pili wa barabara akampigia kelele: "Babu, umeamka nani leo?" Mzee hakusimama. Aliinua mkono tu na kusema: "Leo nimeamka Yanga. Njoo jioni."

Na jioni ile kijana alikwenda. Nilikuwapo.